Anayekuya kutuchekesha ajue kwanza kile kinatuliza

Kila mwaka, siku ya kazi ya tarehe 1 Mei ikikaribia, makampuni ya mine inaanza kutafuta wachekeshaji. Zamani ilikuwa fanfare, mupira wa kirafiki na ng'ombe ya kuchinja. Leo, pembeni ya kuku na chupa za bia, kunakuwa mutu moja na mikro yake. Anasimama peke yake, hana ngoma, hana wenzake wa kumusaidia. Anasema, na watu wanacheka. Vijana wanaita ile kazi stand-up. Ilitoka mbali, lakini imefika paka hapa kwetu, Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, na haiko ya kurudi tena.

Sisi watu wa sendika hatuikatai. Mutu anayeshuka mu shimo asubuhi na mapema, ao anayeendesha kamyo kubwa ya mine usiku muzima, ana haki ya kucheka kama vile ana haki ya kula. Lakini kicheko nacho ni kintu cha kazi. Kinaweza kusaidia mutu, na kinaweza kumuumiza. Basi wale wanaotuandikia maneno ya kuchekesha, na wale wanaowalipa, tuko na neno kwao. Na tuko na neno kwetu sisi wenyewe tunaokaa ku viti na kupiga makofi.

Hatukuanza kucheka jana

Wachekeshaji wengine wanafika mu kambi za mine sawa vile wanatuletea kintu ambacho hatujaona. Tuwakumbushe kidogo. Ku Lubumbashi nani hajui jina la Mufwankolo? Wazazi wetu walimusikiliza ku radio, kiisha walimuona ku televizio. Kikundi chake kilicheza mu Kiswahili chetu cha Katanga, kile cha ku kazi na cha ku soko, si kile cha vitabu. Hawakushika karatasi ya kusoma. Walikusanyika, walichagua jambo, walilizungumuza wote pamoja, waligawa kazi kwa kila mutu, walijaribu mara moja, mara mbili, kiisha njo walicheza. Mu mwaka wa 1986, mwalimu moja wa Ulaya, Johannes Fabian, aliwauliza maana ya ule musemo wa kama utawala unaliwa muzima, "le pouvoir se mange entier". Hawakumujibu kwa maneno mawili. Walifanya teatri nzima juu ya musemo ule, na waliicheza mu kijiji cha Kawama. Fabian aliandika kitabu kikubwa juu ya jambo lile, kikatoka mwaka wa 1990.

Tuangalie vizuri jinsi walitumika. Hawakuanza na maneno ya kuchekesha. Walianza na mazungumuzo: jambo hili watu wanalionaje, linawaumiza wapi, nani anakula, nani anabaki na sahani tupu? Kicheko kilikuya nyuma, na kilikuwa cha nguvu kwa sababu watu walijiona wao wenyewe pale mbele.

Tuvuke mupaka kidogo, tuende Luanshya, ku Copperbelt ya Zambia, ambako wengi wetu tuko na wandugu. Mu miaka ya 1950, J. Clyde Mitchell alitazama pale ngoma waliyoita Kalela. Vijana wa kabila la Wabisa, watu wa kazi za mikono, walivaa suruali za pasi na viatu vya kung'aa, na moja wao alivaa koti nyeupe kama munganga. Siku ya Mungu walicheza mbele ya watu wa kila kabila waliokuya kutafuta kazi ku muji. Nyimbo zao zilitania makabila mengine, lakini walijitania wao wenyewe pia. Na waliimba mu Kibemba cha ku muji, ili kila mutu aliyesimama pale asikie. Hakuna aliyewafundisha kufikiri juu ya wasikilizaji. Walijua kama mutu asiyesikia luga hawezi kucheka, na mutu anayechekwa peke yake hatarudi siku ya Mungu ingine.

Kulekule ku Copperbelt, Wabemba na Wangoni wako na utani wa siku nyingi. Mutani anaweza kukuambia maneno mabaya mbele ya watu, hata ku kilio, na weye huwezi kukasirika. Juu ya nini? Kwa sababu kesho weye pia utamuambia yake, naye hatakasirika. Ile njo sheria ya utani: inaenda na inarudi. Ikienda tu bila kurudi, haiko utani tena. Ni matusi.

Sasa tuulize: kampuni ikimulipa mutu kusimama mbele ya wafanyakazi na kuwacheka, na wafanyakazi hawana ruhusa ya kucheka kampuni, ile tuiite nini?

Baba Hatari

Kuko kampuni moja, hatutaitaja jina. Walifanya siku ya usalama ku kazi na wakaita muchekeshaji mwenye sifa. Alizungumuza karibu saa nzima. Pale watu walicheka zaidi ni wakati aliiga mufanyakazi muoga. Kila fasi anaona hatari. Jiwe dogo likianguka, anakimbilia kwa delege. Mutambo ukilia kidogo, anataka waite fundi. Alimupa jina: Baba Hatari. Alimuonyesha vile anatembea, vile anatetemeka, vile anashika kofia yake ya kazi kwa mikono miwili. Wakubwa ku viti vya mbele walicheka mpaka machozi, na watu ku viti vya nyuma nao walicheka.

Nyuma ya ile siku, mu ekipe nyingi, mutu akisema "Huu ukuta unapasuka", wenzake wanamujibu "Eh, Baba Hatari!", na wanaendelea na kazi. Wadelege wetu walituelezea: mbele ya sikukuu ile, watu waliwaletea habari za hatari poste kwa poste. Nyuma yake, wanaume walianza kunyamaza. Kijana moja alivunjika mukono fasi ambayo mwenzake aliiona kama haiko ya kusimama. Mwenzake hakusema. Tulimuuliza juu ya nini. Akatujibu: "Sikupenda banicheke."

Wazee wa Kiswahili wanasema: mzaha mzaha hutumbuka usaha. Hatusemi kama yule muchekeshaji alikuwa mutu mubaya. Alikuwa mutu aliyetafuta mukate wake. Kosa lilianza mbele ya siku ile, ku meza aliyoandikia maneno yake. Mu sikukuu yote ya kampuni kuko wasikilizaji wa namna mbili: yule anayelipa na yule anayesikiliza. Anayelipa anakaa ku viti vya mbele, chini ya hema, na chupa ya maji. Anayesikiliza amesimama nyuma ku jua. Muchekeshaji aliandikia viti vya mbele.

Na angeweza kufanya ingine bila kubadilisha hata mutu moja mu hadisi yake. Baba Hatari abaki pale, na kofia yake mu mikono miwili. Ukuta unalia. Baba Hatari anaita shefu ku radio ya mukono: "Shefu, ukuta unapasuka!" Shefu anajibu: "Hapana, hakuna hatari, muendelee na kazi." Baba Hatari anauliza: "Shefu, weye uko wapi?" Shefu anajibu: "Miye? Niko ku biro."

Tulilisema hili neno mbele ya wanaume wa poste ya usiku, wakati wa kungoja bisi. Walicheka sana. Na kesho yake moja wao alimuita delege juu ya ngazi iliyooza. Woga ni ule ule, jiwe ni lile lile. Kilichobadilika ni yule anayechekwa.

Kuandika kwa ajili ya watu walioko

Vijana wengi wa kazi hii wanatuuliza: "Sasa tusemeje? Munataka tuhubiri?" Hapana. Mahubiri tunayapata ku kanisa, na mikutano tunayo mingi. Tunataka mutuchekeshe kabisa. Lakini tuwape mambo ambayo sisi tumeyaona, kwa kuwa miaka mingi tunasema mbele ya watu hawahawa, na tunajua vile wanasikiliza.

Ya kwanza: kuya mbele ya siku. Uliza nani atakuwa pale. Ni watu wa poste ya asubuhi, ao wale waliotoka usiku na hawajalala? Wamama watakuwa pale? Watoto? Watu wa sous-traitance wameitwa, ao watabaki inje ya lango? Mutu anayeandika bila kuuliza haya ni kama mama anayepika bukari bila kujua watakula watu wangapi.

Ya pili: anza na kile wote wanajua. Mushahara, kwa mufano. Hakuna haja ya kuueleza. Sema tu: "Mushahara yetu iko sawa mugeni wa heshima. Tunaingoja mwezi muzima. Inafika, inakaa dakika tano, inasema: Minaenda, mwenye duka ananingoja." Mukubwa atacheka, mufagiaji atacheka, mama aliye na deni ku duka atacheka zaidi kuliko wote. Sasa wako pamoja nawe, na unaweza kuwapeleka mbali kidogo.

Ya tatu: neno la kuchekesha likae mwisho. Wengi wanaliharibu hapa. Sikiliza hili: "Mutu moja wa sous-traitance aliota ndoto, amekufa. Mbele ya kulia, aliuliza: basi ni kampuni gani inanizika?" Sasa ligeuze: "Kuko mutu wa sous-traitance aliuliza ni kampuni gani itamuzika, kwa sababu aliota amekufa." Maneno ni yale yale, lakini kicheko kimekufa pamoja na mutu wa ndoto. Nyuma ya neno la mwisho, nyamaza. Usianze kueleza. Watu wetu wanaelewa haraka kuliko vile unafikiri. Wale waliobadilisha salopeti mara tatu mu mwaka mbili, kila mara jina ingine la kampuni ku mugongo na kazi ni ileile, hawana haja ya kuelezewa.

Ya ine: chunga luga. Ku kambi zetu kunakaa watu wa Katanga yote, wa Kasai, wa Kivu, wa Maniema. Kiswahili chetu njo nyumba tunayokutana. Kifaransa kidogo ni chumvi. Ukitia sana, wamama wanaacha kusikiliza na wanaanza kuzungumuza wao kwa wao, na wako na haki. Ukitoka Kinshasa na Lingala yako, hakuna shida, tucheke pamoja juu ya vile unasema Kiswahili. Jicheke weye kwanza. Ile ni heshima, na tutakupenda.

Lakini utani wa kabila, hapa Katanga, tunaomba muushike kwa mikono miwili. Mu miaka ya 1992 na 1993, ku Likasi na ku Kolwezi, wandugu zetu wenye asili ya Kasai walifukuzwa ku nyumba na ku kazi, walilala ku gare kungoja treni, na wengi walikufa. Mu siku zile waliitwa "bilulu", ni kusema wadudu. Neno kama lile, mutu akilisikia mara ya kwanza, anaweza kufikiri ni kuchekana tu. Sisi tuliofanya kazi pamoja na wale watu, tuliokula nao mu sahani moja, tunajua neno lilifika wapi. Mutani wa kweli anakucheka na anabaki anakupa maji ya kunywa. Kama neno lako linamufanya mutu akose maji, liache ku nyumba.

Ya tano: jua vidonda viko wapi. Mu mwezi wa Juni 2019, ku Kolwezi, udongo uliangukia creuseurs na makumi ya watu walikufa. Wamama wao wako hai, wengine watakaa mbele yako. Tulisikia muchekeshaji anasema kama wajane wa mine wanapenda kilio juu ya décompte final ya bwana. Mama moja alisimama akatoka, hakusema neno. Mitoto yake miwili ilimufuata. Wale waliobaki walicheka kidogo, kiisha wakaanza kuangaliana.

Hatusemi musiguse mambo ya uchungu. Tungesema vile, tungekuwa waongo, kwa kuwa sisi wenyewe njo tunayacheka kila siku. Mu mwaka wa 2003, zaidi ya wafanyakazi elfu kumi wa Gécamines walitoka mu ile waliyoita départ volontaire. Ni kidonda kikubwa: watoto waliacha masomo, nyumba zilivunjika. Lakini muzee moja wa kule analisema hivi, na kila mara watu wanaanguka na kicheko: "Miaka makumi mbili na tano, habakuniuliza mapenzi yangu hata siku moja. Siku ya kunitosha, njo baliniita volontaire!" Ni uchungu uleule. Lakini anayecheka ni mwenye kidonda, na anayechekwa ni ile neno ya uongo waliyoandika ku karatasi. Muchekeshaji anayetaka kugusa pale, akae kwanza na wale wazee, awasikilize mpaka mwisho, na awaulize kama wanapenda alipeleke mbele ya watu. Wengi watakubali. Wengi watampa neno la nguvu kuliko lile alilokuwa nalo.

Ya sita: jaribu mbele ya watu kidogo. Usilete neno bichi mbele ya watu elfu. Sema mbele ya watu makumi mbili, ku likelemba ya wamama, ku bisi, ku kinyozi. Pale wanacheka, andika. Pale wananyamaza, uliza. Kunyamaza kuko kwa namna nyingi: kuko kunyamaza kwa mutu asiyesikia luga, kuko kwa mutu aliyechoka, kuko kwa mutu aliyeumia, na kuko kwa mutu anayetaka kucheka lakini shefu wake amekaa pembeni. Muchekeshaji asiyejua kuzitofautisha anaanza kutukana watu: "Lakini ninyi munalala ao namna gani?" Ndiyo, baba, wengine wamelala. Walitoka poste ya usiku.

Wamama hawako kitambaa cha meza

Kuko namna moja ya kuchekesha ambayo imetuchosha: bibi anayengoja ku lango siku ya mushahara, bibi anayekula feza yote, bibi munene, bibi mwenye wivu. Wanaume wanacheka kwa mazoea. Lakini mama yule anayechekwa njo anayefanya mufuko moja wa unga ufike mwisho wa mwezi, na nyumba ina watu munane. Akitaka kuandika stand-up yeye mwenyewe, hatutapata fasi ya kujificha. Na wako wanaoweza. Musikilize wamama ku pompe ya maji, vile wanaiga mabwana wao wanaporudi na maelezo ya mahali feza ilienda. Tunasema kwa wale wanaopanga sikukuu: mutu moja wa kike awe na mikro mwaka huu. Bibi asiwe paka neno mu kinywa cha mwanaume.

Watoto nao wako pale, na wanasikia yote. Kuko neno moja linalotembea mu kambi zinazokaa pembeni ya barabara ya makamyo. Mwalimu aliwaambia watoto wachore jua. Mutoto moja alilipaka rangi ya udongo. Mwalimu akauliza: "Juu ya nini jua yako iko hivi?" Mutoto akajibu: "Mwalimu, njo rangi yake kwetu." Neno lile halina tusi hata moja, mutoto na nyanya yake wanalicheka pamoja. Na wakati mukubwa wa kampuni analisikia, anajua kama tunamuomba amwangie barabara maji. Barua zetu tatu hazikusema vizuri kuliko mutoto yule.

Jinsi ya kusema juu ya wakubwa

Mutatuuliza: je, muchekeshaji anayelipwa na kampuni anaweza kucheka kampuni? Anaweza, akiwa na akili. Mamane, mutu wa Niger, alisema miaka mingi ku RFI juu ya inchi ya Gondwana, "République très très démocratique du Gondwana". Inchi ile haiko ku karata ya dunia. Kwa hiyo rais wa Gondwana anaweza kuiba, kudanganya, kubadilisha sheria, na hakuna rais wa kweli anayeweza kusema "Ni miye", kwa sababu akisema vile amejihukumu mwenyewe. Wasikilizaji, kila mutu anaiweka Gondwana ku inchi yake.

Fanyeni vilevile. Mujenge kampuni isiyoko. Muiite Kampuni ya Kesho-Kesho: primu kesho, bote mupya kesho, munganga kesho, ila kazi njo leo. Mukubwa wake anakuya kutembelea mine mara moja mu mwaka, na kofia yake ya usalama iko mupya tangu miaka kumi. Mutaona: ku viti vya nyuma kila mutu atataja jina mu roho yake, na ku viti vya mbele watacheka pia, kwa nguvu, ili wasionekane kama wamejitambua.

Tunayoomba

Kwa wakubwa wa makampuni. Musimupe muchekeshaji orodha ya maneno yaliyokatazwa. Mukikataza neno "mushahara" siku ya kazi, mumeshasema juu ya mushahara kuliko vile yeye angesema. Mumuache akutane na wadelege na wafanyakazi mbele ya sikukuu, hata saa mbili tu. Musifunge lango kwa watu wa sous-traitance: wanameza vumbi moja na sisi, wacheke kicheko kimoja na sisi. Na mumulipe muchekeshaji kwa wakati, na karatasi iliyoandikwa. Yeye pia ni mufanyakazi. Tumeona vijana wanaochekesha watu elfu na wanarudi ku nyumba na maliyo na chupa mbili za bia. Mutu hawezi kula maliyo.

Tena, kuko jambo moja ambalo hatutalinyamazia. Mu ekipe zetu kuko vijana wanaojua kuiga wakubwa: sauti, mutembeo, vile wanashika telefoni. Ni vipaji. Kijana moja mu kampuni ingine aliiga shefu wake mu bisi. Mutu moja alimupiga filme, filme ikazunguka mu matelefoni, na siku ya tatu kijana akapewa demande d'explication. Walitaka kumutosha ku kazi juu ya dakika mbili za kicheko. Sendika iliingia, na leo yuko ku kazi. Tunasema waziwazi: mufanyakazi aliyeiga mukubwa inje ya saa za kazi hakuvunja mutambo, hakuiba shaba, hakuumiza mutu. Tutasimama naye kila mara.

Kwa wachekeshaji. Hatutaki muwe wasemaji wa sendika. Mutucheke na sisi pia: wadelege wanaopenda mikutano mirefu, wale wanaosema "ndugu zangu" na wanalala ku hoteli. Tunavumilia. Lakini mukiandika, mumuweke mbele ya macho yenu mutu moja wa kweli: mwanaume aliyetoka poste, salopeti imekauka na jasho, amesimama nyuma kabisa na mutoto wake ku bega. Mujiulize: neno hili, atalirudilia ku nyumba kwa bibi yake? Kesho mu shimo litamusaidia, ao litamufunga kinywa?

Na kwetu sisi, wafanyakazi na jamaa zetu. Kicheko chetu ni chetu, hakuna mutu aliyekinunua pamoja na kuku na bia. Neno likiwa zuri, tucheke mpaka meza itetemeke. Neno likimuumiza mujane, ao mwenzetu wa kabila ingine, ao yule anayeona hatari na anasema, tusicheke hata kidogo, hata kama mukubwa anacheka. Muchekeshaji anasikia haraka sana. Kimya cha watu elfu moja kitamufundisha kuliko barua yetu hii.

Mwaka huu, mbele ya tarehe 1 Mei, wadelege waulize mu kila kampuni: nani ameitwa, na atakutana nasi siku gani? Na mutu akisema ku kazi kama ukuta unapasuka, musimuite Baba Hatari. Mutoke kwanza. Tutacheka inje.